Hata Ng'onda Hulowekwa: Mwalimu Akirudi Kuwa Mwanafunzi

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Sidhani kuna mwalimu katika nchi hii ambaye hajawahi kuitumia methali hiyo. Aghalabu huitumia katika mkutano wa wazazi, akiwa amesimama mbele ya watu wazima wenzake na kuwaeleza, kwa lugha ya adabu, kwamba wao wamekwisha kukauka na kwamba tumaini lililosalia ni la watoto wao. Mimi nimeitumia kwa miaka 22. Nimeiandika ubaoni, nimeitungia maswali ya insha, na nimewapa alama nzuri wanafunzi walioieleza vyema. Leo nimekuja kuisaili mbele yako, msomaji mpendwa, si kwa sababu wahenga walikosea, bali kwa sababu sisi tumeilisha methali yao maneno ambayo haikuyasema. Wahenga walituhimiza tumkunje samaki mapema. Hawakusema kwamba aliyekauka atupwe jaani.

Nayasema haya kwa kuwa samaki mkavu ninayemzungumzia ni mimi mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 46, mwalimu wa Kiswahili, baba wa watoto watatu na mwenye mvi zisizofichika, nilianza kujifunza kupiga chelo. Kwa msomaji ambaye hajakiona chombo hiki, chelo ni ndugu mkubwa wa fidla. Ina nyuzi nne na kiwiliwili cha mbao chenye urefu wa takriban sentimita 75. Ukijumlisha na shingo yake, chombo kizima hufikia kimo cha mtoto wa darasa la pili. Mpigaji huketi, akakiegemeza kifuani na kukishika kati ya magoti, kisha akaburura juu ya nyuzi upinde uliofungwa nywele za mkia wa farasi. Mafundi wa Italia wamekuwa wakitengeneza vyombo vya aina hii tangu karne ya 16. Sauti yake ipo karibu mno na sauti ya mwanamume anayeimba: nzito chini, nyororo juu.

Nilivutwa na sauti hiyo siku ya kutoa tuzo katika shule ninakofundisha. Kikundi cha vijana wa muziki kilikuwa kimealikwa, na binti mmoja akapiga wimbo peke yake kwa chelo. Nilimkumbuka babu yangu mzaa baba, aliyekuwa akipiga orutu, ala yetu ya Kijaluo yenye uzi mmoja na upinde wake. Utotoni niliketi miguuni pake jioni nyingi. Nilipomwomba anifunze, baba alikataa katakata, akasema orutu haitanilipia karo. Nikapelekwa shule ya bweni, babu akafariki, orutu yake ikaliwa na mchwa ukutani. Siku ile ya tuzo, katikati ya hotuba za viongozi, nilitambua kwamba miaka 35 ilikuwa imepita na hamu yangu haikuwa imekufa. Juma lililofuata nilikwenda kutafuta mahali pa kujifunza.

Chelo niliyoikodisha nililazimika kuisafirisha kwa matatu. Utingo alilitazama lile sanduku lenye umbo la mtu, akaniuliza kama abiria wangu atalipa nauli ama ni marehemu. Abiria wote walicheka, nami nikalipa nauli ya watu wawili. Huo ulikuwa utangulizi tu wa masomo ya unyenyekevu yaliyonisubiri.

Mwalimu wangu ni binti wa miaka 24, rika moja na wanafunzi niliowafundisha miaka michache iliyopita. Yeye huniita Mwalimu, kwa kuheshimu umri na kazi yangu. Nami humwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Hivyo chumba chetu kina walimu wawili na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi ni yule mwenye mvi.

Kwa majuma matatu ya kwanza sikuruhusiwa hata kuweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya uzi. Kazi yangu ilikuwa moja: kuburura upinde, kwenda na kurudi, bila kupinda. Upinde ukiukandamiza, chelo hukoroma. Ukiulegeza, hupiga mluzi. Ukiuelekeza mshazari, hulia kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta. Jirani yetu alimuuliza mke wangu, kwa upole, iwapo tumeanza kufuga mbuzi ndani ya nyumba. Na mkono wa kushoto uliporuhusiwa kuingia kazini, mambo yalizidi kuwa magumu. Gita lina vipande vya chuma shingoni vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kubana uzi. Chelo haina alama hata moja. Ubao wake ni mweusi na laini, na kidole kikiteleza kwa milimita mbili tu, noti inapotoka na kila aliye na masikio anajua.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa baina ya mtoto na mtu mzima, na wala sio pale tunapodhania. Mtoto anayeanza hayasikii makosa yake kama ninavyoyasikia yangu. Yeye anafurahi kwamba kitu kimelia. Mimi nimesikiliza muziki mzuri maisha yangu yote, kwa hiyo najua kwa hakika kwamba ninachokifanya ni kibaya. Sikio langu lina miaka 46. Mkono wangu, katika jambo hili, ulikuwa na umri wa miezi miwili. Umbali ulioko kati ya sikio na mkono ndio unaowafanya watu wazima wengi kuacha. Si kwamba hawawezi kujifunza, bali hawawezi kuvumilia kujisikia wakijifunza.

Mwishoni mwa muhula wa kwanza wanafunzi wote wa mwalimu wangu walikusanyika kupiga mbele ya jamaa zao. Niliwekwa kati ya mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 11. Wimbo wangu ulikuwa mfupi kuliko yao. Nilipoketi, goti likaanza kutetemeka, na kwa kuwa chelo imeegemea goti, nayo ikatetemeka. Nilipofika mstari wa pili, noti zilizokuwa mbele yangu zikageuka kuwa wadudu waliomwagwa juu ya karatasi. Nilikuwa nikizijua. Jana yake nilizipiga mara kumi bila kosa. Lakini mbele ya macho ya watu akili yangu ilifunga milango, nikasimama katikati ya wimbo kama gari lililokwisha petroli. Hakuna aliyecheka. Baadaye yule msichana wa miaka 9 alinifuata, akaniambia: "Babu, hata mimi mara ya kwanza nilisahau." Jina la babu nimelisamehe. Maneno yaliyofuata sitayasahau.

Usiku ule sikupata usingizi mapema, kwa kuwa nilimkumbuka kijana mmoja niliyemfundisha miaka mingi iliyopita. Alikuwa Kidato cha Kwanza, ametoka katika shule ya msingi ambako vitabu vilikuwa haba. Mimi nilikuwa na desturi ya kumwinua mwanafunzi yeyote, bila kumtahadharisha, asome kwa sauti ukurasa wa riwaya. Zamu yake ilipofika alisitasita, akarudia neno lile lile mara tatu, akaruka mstari. Nikamwambia: "Keti chini, kobe wewe, tutafika lini?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami, kwa aibu nakiri, nilikifurahia kicheko hicho kwa kuwa kilinithibitishia kwamba mimi ni mwalimu mcheshi.

Jina la Kobe lilimganda. Hakuinua mkono tena katika somo langu. Alipofika Kidato cha Pili aliacha shule. Sababu iliyotajwa ni karo, na yamkini karo ndiyo iliyokuwa sababu. Sijui aliko. Sina kisa cha kukusimulia cha jinsi tulivyokutana barabarani tukasameheana. Nilichobaki nacho ni kile kicheko, na sasa najua jinsi kinavyosikika kwa yule aliyesimama na kitabu mkononi. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikwenda mbele zaidi ikakataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Lakini kiboko huacha alama ambayo mzazi anaweza kuipeleka kwa mwalimu mkuu. Neno halina alama. Ndiyo maana wengi wetu tuliweka kiboko chini tukabaki na ulimi.

Nilianza basi kumchunguza mwalimu wangu kwa jicho la mtu wa kazi moja naye. Kwanza, hanitamkii kwamba nimekosea kabla ya kuniuliza: "Umesikia nini, Mwalimu?" Mara tisa kati ya kumi nimekwisha kulisikia kosa, na kulitaja mwenyewe kunaniuma kidogo kuliko kutajiwa. Pili, ninaposhindwa na mstari mzima, hunikatia noti mbili tu. Nazipiga hizo mbili mpaka zikae, kisha ananiongezea ya tatu. Sikuwahi kumkatia mwanafunzi sentensi kwa namna hiyo. Mimi nilimrudisha mwanzo wa aya na kumwamuru aanze upya, kana kwamba kurudia kushindwa ni mazoezi. Tatu, haogopi mwendo wa polepole. Wimbo unaochukua dakika moja tunaweza kuupiga kwa dakika tano, na bado kwake huo ni wimbo.

Wakubwa wa fani hii nao walijua thamani ya subira. Pablo Casals, mpigaji chelo mashuhuri aliyezaliwa Hispania mwaka 1876, alikuwa na umri wa miaka 13 alipozikuta katika duka moja mjini Barcelona nakala za tungo sita za Johann Sebastian Bach za chelo isiyoandamana na chombo kingine. Alizifanyia mazoezi kwa takriban miaka 12 kabla ya kuthubutu kuupiga mmojawapo hadharani. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 94, alipiga chelo katika Umoja wa Mataifa jijini New York. Papo kwa papo, kamba hukata jiwe. Sisi tunataka jiwe likatike kabla ya mtihani wa katikati ya muhula.

Baadaye niligundua kwamba njia niliyoishika ilikwisha kukanyagwa na mwalimu mwingine. John Holt alikuwa Mmarekani aliyefundisha shule katika majimbo ya Colorado na Massachusetts. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kiitwacho How Children Fail, ambamo alidai kwamba watoto wengi hushindwa shuleni kwa kuwa wanaogopa: wanaogopa kukosea, kuchekwa, na kuwaudhi watu wazima wanaowasimamia. Muda wao mwingi, alisema, huishia katika kubuni hila za kumridhisha mwalimu badala ya kulitafakari somo. Holt huyo huyo alianza kujifunza chelo akiwa na umri wa miaka kama 40, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kiitwacho Never Too Late kuhusu maisha yake na muziki. Alifariki mwaka 1985. Sikubaliani naye katika yote. Mwishowe alikata tamaa na shule kabisa akawahimiza wazazi wawafundishe watoto wao nyumbani, ushauri usioweza kumfaa mzazi anayetoka kazini saa mbili usiku. Lakini katika hili la hofu, mkono wangu uliotetemeka ni shahidi wake.

Sasa natarajia pingamizi, na ni haki zijibiwe.

Pingamizi la kwanza ni lile la samaki: mtu mzima hafundishiki. Tuseme ukweli wote. Mwaka 1995 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Ujerumani kuhusu wapiga vyombo vya nyuzi. Ilibainika kwamba sehemu ya ubongo inayopokea hisi za vidole vya mkono wa kushoto ilikuwa imepanuka kuliko ya watu wasiopiga vyombo hivyo, na kwamba ilipanuka zaidi kwa wale walioanza wakiwa watoto. Kwa hiyo wahenga wana hoja. Lakini mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha utafiti mwingine, nao ulihusu watu wazima waliofunzwa kwa miezi mitatu mchezo wa kurusha na kudaka mipira mitatu. Picha za ubongo wao zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na kuona vitu vinavyosogea zilikuwa zimeongezeka. Walipoacha mazoezi, ongezeko hilo likapungua. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mtoto hutangulia, ila mtu mzima naye hufika. Na kwamba kinachotukausha zaidi si umri bali kuacha.

Mifano haikosekani. Shinichi Suzuki wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1998, anajulikana duniani kote kwa mbinu yake ya kuwafunza watoto wadogo fidla. Wachache wanakumbuka kwamba yeye mwenyewe alianza kujifunza fidla akiwa na miaka ipatayo 17, ingawa baba yake alikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Na kwetu nyumbani, nani asiyemkumbuka Kimani Maruge? Januari mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, mzee huyo alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuutetea ujumbe wa elimu ya bure mbele ya viongozi wa dunia. Alifariki mwaka 2009 akiwa bado na ari ya kusoma. Tulimpigia makofi Maruge, tukamtazama katika filamu, kisha tukarudi majumbani tukasema sisi umri umetupita.

Pingamizi la pili ni kwamba chelo ni chombo cha kigeni, na kwamba mjukuu wa mpiga orutu angalirudi kwenye orutu. Wanaosema hivyo hawanionei, na iwapo nitampata wa kunifunza orutu katika mtaa ninamoishi, nitakwenda kesho. Lakini ugeni wa chelo usitiwe chumvi. Kuburura upinde juu ya uzi hatukufundishwa na Wazungu. Wajaluo wana orutu yao, Wakikuyu wana wandindi, na makabila mengine ya nchi hii yana ala za jinsi hiyo kwa majina yao. Na chelo yenyewe ina wenyeji wake katika Uswahili. Vikundi vya taarabu vya Zanzibar, kama vile Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vilijenga okestra zao kwa kufuata mtindo wa Misri, na katika safu zao fidla, chelo na besi kubwa huketi pamoja na udi na ganuni. Wapenzi wa taarabu wamekuwa wakiisikia chelo maisha yao yote bila kuiulizia pasipoti. Chombo ni cha yule anayekifanya kiseme lugha yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: hii ni anasa. Mwalimu mwenye watoto wa kulipia karo ana biashara gani na chelo? Sitajifanya kwamba ni jambo rahisi. Sikununua chelo; nakodisha, na kodi yake imeondoa vitu vingine katika bajeti yangu, kikiwemo kikao cha Ijumaa jioni na marafiki. Nafanya mazoezi nusu saa kila siku baada ya chakula cha jioni. Lakini hoja yangu haitegemei chelo. Wapo vijana waliozipata ala hizi bila utajiri: mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge, unawafunza muziki wa okestra watoto wa Korogocho na mitaa mingine ya aina hiyo, chini ya wakfu wa Art of Music. Kama chelo imeweza kufika Korogocho, hatuwezi kusema ni ya matajiri peke yao. Na kama huna njia ya kuipata, chagua jambo jingine. Jifunze kuogelea. Jifunze lugha ya ishara. Jifunze ususi, au hesabu zilizokushinda ukiwa Kidato cha Tatu. Sharti ni moja: liwe jambo gumu kwako, na uwe mbaya kwalo kwa muda mrefu kiasi cha kuonja aibu yake.

Kwa nini mwalimu aionje aibu hiyo kwa hiari yake? Kwa sababu ualimu una maradhi yake. Tulifaulu katika somo, tukafunzwa kulifundisha, tukalirudia miaka nenda miaka rudi hadi likawa kama kupumua. Kadiri tunavyolijua ndivyo tunavyosahau kwamba lilikuwa gumu. Mwalimu wa hesabu haoni ni vipi mtu asione kwamba x ni 4. Mwalimu wa Kiswahili haelewi vipi upatanisho wa ngeli umkwaze mwana wa nchi hii. Tunauita ugumu wa mwanafunzi uvivu, na ukimya wake tunauita kiburi. Kumbe mara nyingi ni ile milango ya akili iliyofungwa na hofu, kama yangu ilivyofungwa mbele ya watoto wawili na jamaa zao.

Baadhi ya mambo nimeyabadilisha darasani mwangu, na nayataja si kwa kujisifu bali kwa mwenzangu atakayetaka kuyajaribu. Simwinui tena mwanafunzi kusoma kwa sauti kwa ghafla. Ukurasa nautangaza jana yake, na wanaopenda hujizoeza wawili wawili. Nikisahihisha insha, sikatii mstari mwekundu kila kosa. Nachagua makosa mawili, yakishakaa naongeza la tatu. Na ninapomsikia mwanafunzi akikosea, namuuliza kwanza amesikia nini. Utashangaa ni wangapi wanaojua walipokosea, ila hawakuwahi kuulizwa. Aidha, nimewaambia wanafunzi wangu kuhusu chelo. Nimewaambia kwamba kila Jumamosi nakosea mbele ya mwalimu aliye mdogo kwangu kwa miaka zaidi ya 20. Tangu siku hiyo swali "Mwalimu, hapa sijaelewa" limekuwa jambo la kawaida katika somo langu, wakati zamani lilikuwa adimu kama mvua ya Januari.

Kwa walimu wakuu nina ombi. Tamasha la Muziki la Kenya lina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1927, na ni fahari yetu. Lakini katika shule nyingi ngoma, filimbi na magita hutolewa ghalani tamasha linapokaribia, na hufungiwa tena mara tu vikombe vinapowekwa kabatini. Fungueni maghala hayo jioni moja kwa juma. Waiteni walimu, wapishi, walinzi na wazazi, na wanafunzi wanaojua kupiga wawe ndio walimu wao. Mtoto aliyemshika mwalimu wake wa fizikia vidole akamwonyesha tundu za filimbi hatamwogopa tena mwalimu huyo, na mwalimu huyo hatamwita tena mtoto mbumbumbu.

Kwa wanaosimamia mitaala na mafunzo ya walimu, nasema hivi. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, sambamba na mkondo wa sayansi, teknolojia na hesabu na ule wa sayansi ya jamii. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, mkondo hauwezi kutiririka bila chemchemi. Somo la Muziki lilikuwa la hiari katika mfumo wa 8-4-4 na shule nyingi hazikulifundisha. Walimu wake watatoka wapi iwapo tunaamini kwamba asiyeanza utotoni hawezi kuanza? Na katika semina za walimu, badala ya kutuketisha siku nzima tukitazama slaidi kuhusu mwanafunzi anayejifunza polepole, tupeni jambo tusilolijua na mtuamuru tulifanye mbele ya wenzetu. Tutarudi shuleni tumeelewa kwa saa moja yale ambayo slaidi haziwezi kutueleza kwa wiki.

Nanyi wanafunzi, msidhani mwalimu wenu alizaliwa akijua. Naye aliwahi kurudia neno lile lile mara tatu, ila hapakuwa na wa kuwasimulia. Mwenzako akisitasita na kitabu mkononi, ushike ulimi na meno. Zamu yako inakuja, kama si darasani basi kwingineko, kama si leo basi utakapokuwa na mvi.

Baada ya miaka mitatu, mimi si mpigaji chelo wa kualikwa mahali. Nyimbo ninazoweza kuzipiga bila kumwaibisha mke wangu ni chache. Mwaka jana nilijaribu kuutafuta, kwenye uzi wa juu wa chelo, wimbo mmoja wa babu ambao ulibaki kichwani mwangu. Sehemu ya kwanza niliipata. Ya pili niliipata kwa taabu. Ya tatu bado hunikimbia, na Jumamosi ijayo nitaipeleka kwa Mwalimu wangu, nitaikosea mbele yake, naye ataniuliza nimesikia nini.

Samaki mkunje angali mbichi. Naam, na asiyewahi kumkunja ana la kujutia. Lakini kila mpishi, wa pwani kwa wa ziwani, anajua jambo ambalo sisi walimu tumelisahau. Ng'onda hatupwi. Hulowekwa usiku kucha, na asubuhi huwa laini.